Namba Isiyo na Jina

Wifi yangu tunamwita Redio, na aliyempa jina hilo ni mimi. Miaka sita nimesimama naye meza moja katika chumba cha kufulia cha hospitali, na sijawahi kumwona amefunga mdomo. Tuko wanawake ishirini na watatu. Mashuka yanashuka kutoka wodini yamefungwa mabunda. Tunayafungua, tunayachambua, tunayatia mashineni. Na ndani ya mashuka hayo, kwa uzembe wa watu waliosoma kutushinda, mna sindano. Sindano zilizotumika! Ukiingiza mkono bila kuangalia, umechomwa.

Glavu nene tuliomba hadi tukachoka. Kitabu cha ajali kipo, lakini kipo kwenye droo ya msimamizi, ufunguo wa droo uko mfukoni mwake, na mwenyewe kumwona ni bahati. Ndipo Redio akaanza mambo yake ya simu. Kila asubuhi akifika anakagua mabunda, kisha anatutumia sote ujumbe mmoja: "Bunda la wodi ya tatu lina sindano mbili. Shikeni pembeni." Jioni, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto, anayaandika hayo hayo kwenye blogu yake, kwa kidole gumba kimoja, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Tarehe, wodi, sindano ngapi, nani kachomwa.

Nilikuwa namcheka. "Wifi, nani atasoma habari za mashuka machafu?"

"Wewe si unasoma?" akanijibu. Na kweli nilikuwa nasoma, kila siku.

Namba zetu alizinakili kutoka kwenye orodha ya zamu iliyobandikwa mlangoni. Juu kabisa palikuwa na namba moja isiyo na jina. Redio akadhani ni ya mwenzetu ambaye jina lake limefutika kwa mvuke, akaiweka nayo. Mwaka mzima na nusu akawa anaitumia ujumbe, haijibu hata salamu. "Huyu ana maringo kweli," alikuwa akisema.

Jumanne moja Mama Pacha, mdogo kuliko sote na bado ananyonyesha, akachomwa kiganjani. Damu ikatiririka hadi kwenye kiwiko. Kuna vidonge vya kukinga virusi vya ukimwi, na lazima vianzwe ndani ya siku tatu, lakini kliniki ya wafanyakazi haivitoi bila barua ya msimamizi kwamba umechomwa kazini. Msimamizi mwenyewe alipatikana siku ya pili. Hakukitazama hata kile kiganja.

"Hapa hapana sindano," akasema. "Sijawahi kupata taarifa ya sindano hata moja. Labda kajichoma kwake akishona." Kisha akamgeukia Redio. "Na wewe, huo uzushi wako wa mtandaoni ufute leo hii, la sivyo kesho usije."

Hasira ilinipanda hadi nikaona giza. Akishona! Mtu anayelea mapacha ashone saa ngapi? Nilidhani Redio angemrukia. Badala yake aliketi juu ya bunda akaifuta blogu, taarifa moja baada ya nyingine, machozi yakimdondoka juu ya kile kioo. Ana watoto wanne na hana mwingine wa kumsaidia kuwalisha.

Lakini ujumbe uliokwisha kufika kwenye simu za watu haufutwi kwa amri ya mtu. Siku ya tatu asubuhi nikawaambia wenzangu, zimeni mashine, twendeni. Tukaingia kliniki sote, magauni ya kazi yamelowa, kila mmoja kashika simu yake ikionyesha maneno yale yale: Jumanne, saa moja na dakika kumi na mbili. Bunda la wodi ya watoto. Mama Pacha kachomwa kiganjani. Msiliguse.

Muuguzi wa dirishani, mama mtu mzima mwenye miwani, akachukua simu ya Redio. "Ulimtumia nani na nani? Nionyeshe."

Akaanza kuzipitia namba. Alipoiona ya kwanza tu akasimama, akaisoma tena, midomo ikimcheza. Kisha akageuka kwenye tangazo la ukutani nyuma yake, lenye namba za kupiga ajali ikitokea kazini, akaweka kidole penye msimamizi wa kufulia. Ilikuwa ile ile.

"Kumbe mwenye maringo ni yeye?" Redio akasema.

Mwaka na nusu! Kila sindano, kila wodi, kila aliyechomwa, vyote viliingia mfukoni mwake, pamoja na ule ufunguo. Alisoma, akanyamaza, kisha akatuita wazushi.

Muuguzi hakutudai barua tena. Alifungua kabati, akampa Mama Pacha vidonge na kikombe cha maji, akasubiri hadi ameze. Halafu akavuta fomu, na pale inapouliza kama msimamizi amearifiwa, akaandika kwa herufi kubwa: Ndiyo, kwa simu, dakika ile ile.