Jicho la Wifi Mejumaa

Wifi yangu Mejumaa, dada wa marehemu mume wangu, alijulikana Mji wa Kale mzima kwa vikuba vyake, vile vishada vya rihani na maua vya kujipamba. Hakuna bibi harusi wa maana aliyevaa vya mtu mwingine. Kila asubuhi alipita nyumba hadi nyumba na kapu lake, akikata rihani katika madebe ya uani. Na kwa kuwa sisi ni watu wa adabu, hakuna mwenye nyumba aliyemwacha aondoke bila kitawi cha pilipili, majani na yote.

Mwaka wa tisini na sita, kila alikopita, mipilipili ikaanza kujikunja majani na kuingia madoa ya manjano. Bi Mwanasha, jirani yetu wa ng'ambo ya njia, akatoa hukumu: Mejumaa ana jicho. Milango ikafungwa. Bila rihani hakuna vikuba. Na ukoo wetu, uliotoa makadhi, sasa ukasemwa umetoa hasidi.

Nikamwita Nanjala, mpangaji wangu wa chini, bibi shamba wa idara ya kilimo. Akapekua kapu kwa kioo cha kukuzia. Chini ya majani ya vile vitawi vya pilipili vilijaa vidukari, wadudu wadogo wa kijani.

"Mdudu huonja jani gonjwa," akasema, "virusi hubaki mdomoni mwake. Akionja mti wa pili, huviacha huko."

"Havidondoki njiani?" nikauliza.

"Vingedondoka, Mama. Lakini vina protini yao: mkono mmoja umeshika kirusi, wa pili umeshika mdomo wa mdudu."

Mejumaa akacheka. "Mshenga huyo!"

"Ndiye. Asipokuwepo, posa haifiki."

"Basi kapu langu limesindikiza maharusi mtaa mzima. Twendeni kwa Mwanasha."

Bi Mwanasha alitusikiliza vizuri mpaka Nanjala alipotaja wadudu.

"Wadudu? Kwangu? Nyumba hii inafagiliwa asubuhi na jioni, mwanangu! Huyo mshenga wenu akapose kwingine."

"Kwa hivyo ni jicho langu, shoga?" Mejumaa akamuuliza.

Bi Mwanasha akahesabu siku kwa vidole. Harusi ya bintiye ilikuwa Alhamisi, na vikuba havijapatikana.

"Jicho ni jicho," akasema hatimaye, "lakini labda si lako. Wapita njia ni wengi siku hizi. Watalii."

"Hasa watalii," nikaunga mkono. Nanjala akafungua kinywa, nikamsogezea kahawa.

Mejumaa akaliacha kapu barazani, akaingia uani mikono mitupu, akauliza akate rihani kiasi gani.