Aliyeondoka na Wimbo Wangu

Najua, nikitaja Sumbawanga tu, tayari umeshatabasamu na kufikiria ungo wa wachawi. Cheka umalize. Haya yalinikuta mimi, nikiwa na akili zangu timamu na bila tone la pombe kinywani, na mpaka leo sijatulia.

Nilimaliza chuo zamani, sasa nauza vipuri vya bodaboda mjini, lakini mashabiki wa timu ya chuo hawakuniacha niende. Mimi ndiye mwanzishaji wa nyimbo zao. Sina mali, sina cheo. Nina sauti, na naipenda kuliko ninavyopaswa kusema.

Kila mwaka, kabla ligi ya vyuo haijaanza, tunakutana nyuma ya bwalo la chuo kula ugali na migebuka, samaki wa Tanganyika, na kufanya mazoezi ya nyimbo. Tuna utaratibu wetu. Mwanzishaji akichoka, anamvisha mwingine skafu yake na kumwambia, "Shika wimbo." Kabla watu hawajatawanyika, lazima skafu irudi, na aliyeshika aseme, "Chukua wimbo wako." Ni utani wa mashabiki, au ndivyo tulivyodhani.

Jioni ile upepo ulikuwa unakata masikio. Kila aliyefungua mdomo alitoa mvuke. Nilikuwa na kikohozi, na nyuma yangu kijana nisiyemjua alikuwa anaitikia vizuri mno, mpaka wivu ukanishika kidogo.

"Mambo, mshikaji. Unatokea wapi?" nikamuuliza.

"Poa, kaka. Ilemba."

Ilemba ni kule bondeni kwenye joto, na watu wa huko wakipanda huku hutetemeka hata mchana. Huyu alikuwa na fulana tu! Sahani yake ya ugali alikuwa ameishika vilevile ilivyopakuliwa. Je, nilijiuliza lolote? Wapi! Nikamvisha skafu. "Shika wimbo."

Akaimba. Niamini, watu waliacha kutafuna. Sikazwe, mpiga ngoma wetu, alinisogelea akanong'ona, "Kaka, hiyo si sauti yako?" Ilikuwa yangu, hata mkwaruzo wa kikohozi ulikuwamo. Ndipo nikatazama mdomo wake. Sisi wote tulikuwa tunatoa mvuke. Yeye hakutoa hata kidogo.

Nikasukuma watu nimfikie. "Rudisha wimbo wangu!" Akanitabasamia, akaingia katikati ya waliokuwa wanacheza, na sikumwona tena. Skafu tuliikuta juu ya ugali uliopoa, haujamegwa. Maneno ya kurudisha hakuyasema.

Tangu siku hiyo naongea kama kawaida, lakini nikitaka kuimba sauti haitoki. Nimeombewa, nimekunywa dawa za hospitali na za miti shamba, hakuna kitu. Ligi ilipoanza nilisimama jukwaani bubu, na nililia mbele za watu, sioni aibu kusema.

Linaloniumiza zaidi liko nyumbani. Binti yangu Neema nilikuwa namwimbia kila anapolala. Juzi nimekaa kitandani kwake, nikafungua mdomo, kimya. Wimbo ukaanza nje, chini ya dirisha, kwa sauti yangu. Neema alikuwa amefumba macho.

"Baba," akasema, "ingia ndani, huko nje kuna baridi."

Wewe unayekwenda kukaa na mashabiki wenzako msimu huu, usimpe mgeni wimbo wako kabla hujaiona pumzi yake. Mimi sasa nafunga dirisha mapema, na mtoto ananiuliza kwa nini nimemfungia baba nje.