Ruhusa ya Mgonjwa Mmoja

Wenzake kazini walimwita Taratibu, naye hakuwahi kulikataa jina hilo. Kabla ya kuwa mhudumu wa wagonjwa majumbani alishona sare za shule kwa miaka kumi na tisa, mpaka mgongo ukamgomea. Kisha akamuuguza mama mkwe wake miezi minane, akagundua kwamba kumgeuza mgonjwa, kumwogesha na kumlisha hakumtii kinyaa. Mawifi zake walipoona hivyo wakamwachia yote. Mama mkwe alipofariki, Taratibu akaenda kituo cha afya kuomba kazi ileile, safari hii kwa mshahara.

Alipangiwa nyumba nne. Ya tatu ilikuwa ya mzee mstaafu wa kiwanda cha uchapaji, mwenye kisukari na macho yaliyofifia, aliyeishi na mwanawe, fundi wa majokofu, katika vyumba viwili juu ya duka la vioo. Kila asubuhi muuguzi wa kituo alipanda ngazi kumchoma mzee insulini. Taratibu alimwogesha, akampa chai na kubadilisha mashuka.

Mwaka huo wauguzi wawili walihama. Aliyebaki akawa na wagonjwa thelathini na mmoja, maji yakamfika shingoni. Siku moja alimkuta Taratibu akikunja mashuka.

"Dada, nataka nikufundishe kumchoma mzee."

"Mimi? Sista, mimi si muuguzi."

"Najua, ndiyo maana nikakwambia nitakufundisha. Na hata ukichoma wewe, mimi bado ninawajibika. Ukiona huwezi, sema tu, sitakununia."

Taratibu aliomba siku mbili za kufikiri, akakubali. Wiki nzima alifanya mazoezi kwenye sponji ya kuoshea vyombo: kuzungusha namba kwenye kalamu ya insulini, kuchoma, kuhesabu mpaka kumi, kuchomoa. Kupima sukari alijifunzia kwenye vidole vyake mwenyewe. Halafu ikaja zamu ya mzee, muuguzi akiwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Fundi cherehani," mzee alisema, shati limepandishwa hadi kifuani, "choma tu, ila usinitie vifungo."

Taratibu akacheka, akachoma, akahesabu mpaka kumi. Baada ya siku tano muuguzi alijaza karatasi: mgonjwa huyu, kazi hii, mhudumu huyu, uniti kumi na nne kila asubuhi kabla ya chai. Wote wawili wakatia sahihi, ikabandikwa ndani ya mlango wa kabati.

Mambo yalikwenda sawa miezi mitatu. Jirani wa nyumba ya pili alimwomba amchome na mama yake pia. Taratibu alimjibu kwamba ruhusa yake ni ya mtu mmoja, na jirani akaacha kumsalimia.

Asubuhi moja kipimo kilisoma tatu nukta nne. Mzee alikuwa anatoka jasho, na majibu yake yalichelewa. Taratibu akaiweka kalamu mezani.

"We mama, mbona humchomi?" fundi aliuliza, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Sukari iko chini, kaka. Nikimchoma itazidi kushuka."

"Karatasi inasema kila asubuhi. Wewe nani ubishane na karatasi? Lete hapa, nitamchoma mwenyewe!"

Kweli, karatasi haikusema lolote juu ya sukari kushuka. Sista alimwambia kwa mdomo tu, siku ya mazoezi: chini ya nne, usichome, nipigie. Taratibu aliitia kalamu mfukoni mwa aproni, akakoroga sukari katika nusu kikombe cha maji, akamnywesha mzee polepole huku simu imebanwa begani. Fundi alifoka mpaka watu wa duka la vioo wakatoka nje kusikiliza.

Baada ya robo saa kipimo kilifika tano nukta moja. Muuguzi alipoingia akihema, mzee alikuwa anatafuna mkate. Ikajulikana kwamba jana yake jioni hakula kitu. Meno ya bandia yalimuuma, na hakutaka mwanawe ajue.

Fundi alianza kushtaki. Muuguzi akafungua kabati, akaisoma karatasi.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilimwambia, sikuandika. Angefuata nilichoandika, sasa hivi tungekuwa hospitali."

Fundi alikaa, akavaa kiatu cha pili. Hakuomba radhi, ila kuanzia kesho yake "we mama" ikawa "dada".

Wiki hiyo muuguzi alizizungukia nyumba zote sita alikokabidhi kazi kwa wahudumu, akaandika karatasi upya. Kwenye kikao cha kituo alijitaja mwenyewe. Msimamizi akamuuliza Taratibu alijuaje la kufanya.

"Niliogopa kuchoma, na kutochoma niliogopa vilevile," alijibu. "Lakini ningekosea kwa kutochoma, sista angekuja akachoma. Ningekosea kwa kuchoma, nani angeichomoa dawa?"

Mwezi uliofuata muuguzi alimletea majina mawili mapya: bibi wa kuchomwa insulini, na dereva mstaafu mwenye kidonda cha mguu. Taratibu aliomba siku mbili. Akarudi, akamkubali bibi.

"Huyo wa kidonda simuwezi bado, sista."

"Haya," muuguzi alisema, akamwandika dereva kwenye orodha yake mwenyewe.