Fundo Tumboni mwa Mbuzi

Mbuzi wa tatu alipoanguka nyuma ya jiko, povu likimtoka puani, Agnès hakushika kisu. Alimwacha akate roho, akamfunika kwa gunia, kisha akaketi juu ya kinu kulinda mzoga.

Wawili wa kwanza aliwaharibu mwenyewe. Aliwawahi kwa kisu, akaenda kuosha matumbo ziwani kama afanyavyo mwanamke yeyote msafi wa Kabuta. Katongo, afisa mifugo, alipofika na baiskeli yake kutoka Nchelenge alikuta nyama imetakata, haina la kusema. Akamwambia tumbo ndilo shahidi, naye amemwosha shahidi akawatupia samaki. Akifa mwingine, asimguse.

Tangu mumewe azikwe mwaka uliopita, neno lilikuwa moja: yule mwanamke wa ng'ambo, Mkongo, alimla mumewe, sasa anakula mifugo. Shemeji yake Goodson alikwisha kuchukua mtumbwi, nyavu na redio, ilibaki nyumba. Mkuu wa kijiji akampa Agnès mpaka Jumapili aoneshe kinachoua mbuzi, la sivyo apande boti arudi kwao Pweto. Kwao kwa nani? Alivuka ziwa akiwa na miaka kumi na sita. Waliomjua kule wameoza.

Basi alikaa na mzoga siku mbili. Kuacha nyama ioze wakati watu wana njaa ni dhambi, na wapita njia hawakumficha. Mke wa Goodson alisimama na beseni la samaki kichwani.

"Mama Kapembwa, hii matanga ya mbuzi itaisha lini? Tulete chai?"

Watu wakacheka. Mwanawe Kapembwa alikuja mara moja tu, akasimama mbali, akamsihi wamfukie. Harufu inatia aibu, alisema. Agnès alimwona anatoka jasho, akadhani ni hiyo aibu.

Jumamosi asubuhi Katongo akaja, kijiji kizima nyuma yake, vitambaa puani. Alilifunga tumbo kwa kamba huku na huku, akalikata juu ya nailoni. Katikati ya maganda ya muhogo akatoa kifurushi kidogo kama yai la njiwa: kipande cha wavu wa kuvulia chisense, wale dagaa wa ziwa, kimefungwa fundo, ndani yake chumvi iliyoganda na unga wa rangi ya waridi. Akanusa kwa mbali. Ilikuwa dawa ya wadudu, ile wachuuzi wanayonyunyizia samaki wakavu. Mbuzi hufuata chumvi popote. Huyu aliimeza pamoja na wavu wake. Akatia unga kidogo kwenye chupa ya kupeleka Mansa kupimwa. Kisha akakiinua kile kipande.

"Munajuana kwa mafundo hapa. Hii ni ya nani?"

Mwaka mzima Agnès alikuwa na jina la Goodson mdomoni, tayari kulitema. Lakini fundo lilizunguka kinyume, likaenda kushoto, kama linavyofungwa na mtu asiye na kidole cha shahada. Kabuta alikuwapo mmoja tu. Kamba ya nyavu ilikikata kidole hicho akiwa na miaka kumi na miwili, na mamaye ndiye aliyefunga kidonda. Wavuvi wote walitazama mchanga. Majuma matatu yaliyopita Goodson alimrudishia Kapembwa mtumbwi wa babaye, na Agnès akapiga magoti kumshukuru Mungu.

"Mama," Kapembwa akasema.

"Ni fundo ya mutoto yangu," Agnès akamwambia mkuu wa kijiji. "Ile mutumbwi ndiyo walimulipa. Uandike."

Mkuu akasema nyumba ni ya Agnès. Goodson akasema mtumbwi ulikuwa zawadi tu ya ami kwa yatima, na hakuna aliyembishia. Kapembwa alikwenda kituo cha polisi kwa miguu, akisukuma baiskeli ya Katongo, kwa kuwa mwenyewe alikuwa ameshika chupa.

Watu walipokwisha kutawanyika Agnès akachukua jembe. Mchanga wa Kabuta haushiki. Shimo lilijifukia lenyewe mara mbili kabla mbuzi hajaingia.