Mafahali Wawili Shambani kwa Shangazi

Iko siku moja nikiikumbuka, mwanangu, bado wivu unanichoma, na mimi sasa ni bibi mwenye wajukuu.

Nilikuwa kijana hapa Naipingo, nimetengeneza programu ya simu. Mfugaji akitaka kupitisha ng'ombe anaandika njia atakayopita, na mkulima anapata ujumbe alinde shamba. Nikaifanya huria: yeyote aitazame ndani, aichukue, airekebishe. Nilisifiwa kwa ukarimu huo, na sifa nilizipenda, sikufichi.

Basi Zuberi wa Ruangwa akaichukua kweli. Akatengeneza ya kwake, ambayo mfugaji anasema tu kwa sauti, kwa Kisukuma chake, bila kuandika. Wafugaji wote wakahamia kwake. Lo, nilinuna! Nilichokitoa kwa mikono miwili nikakiona kimeibwa. Kutoa ni moyo, wanasema, ila hawasemi moyo huo unavyouma mwenzako akikipendezesha ulichompa.

Zuberi akanipigia simu. "Dada, tuziunganishe zipashane habari. Wafugaji wapo kwangu, wakulima wapo kwako."

Nikamjibu, "Yangu inajitosheleza."

Haikupita wiki, ng'ombe wakaingia shambani kwa shangazi yangu Somoe, kule Nambambo. Ufuta alikuwa ameshaukata na kuusimamisha matita matita ukauke. Wakaukanyaga wote, mbegu zikamwagika mchangani. Mwenye ng'ombe, mzee Masanja, alikuja mwenyewe kuomba radhi. "Mama, mimi nilitangaza kwenye simu tangu jana kwamba napita hapa. Mbona hamkusikia?"

Alitangaza kwa Zuberi. Shangazi alikuwa kwangu.

Nikajitetea kwa maneno ya wahenga: "Shangazi, mafahali wawili hawakai zizi moja."

"Zizi gani?" akaniuliza, ameshika bua tupu mkononi. "Hapa ni shambani kwangu."

Nilikosa pa kuweka uso. Kesho yake nikampigia Zuberi, tukaziunganisha.

Mwanangu, vijana mnaniuliza kama programu huria mbili za kazi moja zinajenga au zinabomoa. Zinajenga. Bila Zuberi, yangu ingelala vilevile, na wasiojua kuandika wangebaki nje. Kinachobomoa ni kununiana hadi mkafunga mlango habari zisipite, kisha anaumia mtu asiyejua hata mnagombea nini. Wivu utakuja, usijidanganye. Aliyesema hana wivu hajawahi kupitwa. Mpaka leo Zuberi akisifiwa redioni, mimi huizima redio. Nawe izime, halafu mpigie mwenzako mfanye kazi.

Mungu akujalie mshindani hodari, mwanangu, wa kukunyima usingizi. Na kukicha akujalie moyo wa kupokea simu yake. Amina.