Picha Inayopigwa kwa Macho Yaliyofumbwa

Mama Hadubini, kama wanavyomwita maabarani, huziambia seli zake za ngozi kabla ya kuzipiga picha, "Haya wanangu, tulieni." Kisha hufumba macho na kuzungusha sahani ya seli chini ya hadubini, inaposimama ndipo anapopiga, asije akachagua pazuri akajidanganya. Leo mtafiti kamsimamia kichwani, maana dawa yake ya kufunga vidonda inangoja picha hiyo.

"Mama, sogeza kushoto kidogo tu, kule seli zimekaribia kukutana."

"Kwani huko kushoto una shemeji?"

Akafumba macho, akazungusha, akapiga. Mkwaruzo waliouchora jana katikati ya seli, mfano wa kidonda cha kujaribia dawa, ulikuwa bado wazi kama barabara. Mtafiti akanywea. Mama akaihifadhi picha, akamvutia kiti.

"Kaa, baba. Andika haujafunga, halafu uniambie kesho tunajaribu kipimo gani cha dawa."