Mkaguzi wa Minara Yangu

Darasa la nne sikulimaliza, lakini nusu ya mtaa wetu wa Mkomani, hapa Lamu, wanapata intaneti kwenye minara yangu. Serikali iliponipa leseni ya masafa, ilinitaka niwe naripoti kila mnara ulipo na wateja wake. Sikupenda. Habari hiyo ikimfikia mshindani, atanipokonya mji mzima.

Akaja bwana mwenye kitambulisho shingoni. Alisema ni mkaguzi, ametoka Nairobi, Lamu hajapata kufika, na anataka nakala ya ripoti. Nikampandisha kwanza juu ya paa langu auone mnara mkubwa.

Kwetu, juu ya paa mtu huona nyua za jirani, ndiyo maana apandaye huwapigia kelele wanawake waingie ndani. Kabla sijafungua kinywa, mgeni wangu akapaza sauti: "Jisitirini, kina bibi! Kuna mtu juu!"

Nikamtazama. "Kumbe Nairobi nao wana ada hii?"

Akacheka. "Nimesikia tu, bwana."

"Umesikia wapi, nawe umeshuka botini sasa hivi?"

Nikamwonyesha ngazi.

"Ndia ya kushukia ni hii, bwana."

Ripoti niliipeleka mwenyewe kwa wakubwa wa serikali. Yeye hakurudi kuiulizia.